Mwizi wa Sinema Mingoyo

Martina alisema tangu mwanzo kwamba sinema ile ina shari. Watu wa sinema walipofika Mingoyo na lori lao, mwaka ule wa kuhamia vijijini, walihitaji sajenti mmoja, mwenye duka mmoja na mwizi mmoja. Sajenti walikuja naye kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye uso laini kama wa bwana harusi. Duka wakampa Fakihi, mtu wa pwani. Kwa mwizi, mwongozaji wao Klementi hakuhangaika. Alimwona Yohana, mume wa Martina, na chale zake za Kimakonde kutoka kipajini hadi kidevuni, akapiga makofi.

"Huyu hapa! Sura hii haihitaji maelezo."

"Na mimi nikiwa sajenti?" Yohana aliuliza. Alikuwa mlinzi wa shamba la mkonge kwa miaka mingi. Wezi alikuwa akiwakamata yeye.

Klementi alicheka hadi machozi. "Sajenti mwenye chale, ndugu yangu? Nani ataamini?"

Nyumbani Martina alimjia juu. "Baba Valentini, sisi hapa wageni. Mabaya yetu wanayo tayari midomoni, wanangoja kuyaona tu. Usiwape."

"Ni mchezo, mama. Kila mtu ataona ni mchezo."

Alitaka uso wake uonekane, hata kwa wizi. Sikio la kufa halisikii dawa, liwe hata la mume mpole.

Siku ya kupiga picha, wanakijiji waliopangwa kumkimbiza mwizi walikodolea macho kamera badala ya mwizi. Klementi akakasirika, akaificha ndani ya lori, nyuma ya turubai. Kisha akamwamuru Fakihi apige yowe la kweli. Fakihi, maskini, akalipiga la kweli.

Na yowe la mwizi huku halina mwaliko. Ukilisikia shambani unashika ulichonacho, unatoka mbio, maswali baadaye. Waliokuwa kwenye mikorosho hawakuhudhuria mkutano mwenyekiti alipotangaza habari za sinema. Walitokea na magongo, wakamkuta Yohana anakimbia na doti za khanga kwapani. Gongo la kwanza lilimvunja mkono. La pili lilimpasua juu ya jicho, damu ikatiririka ndani ya chale. Hata wale wa mchezo, kuona damu, wakapandwa na mori, wakaanza kurusha mateke ya kweli. Fakihi alikuwa akipayuka kwamba ni sinema, lakini nani amsikilize?

"Usizime!" Klementi alimwambia mpiga picha wake mle lorini. "Usizime kabisa!"

"Mimi Yohana!" Yohana alilia chini. "Mfaume, jirani yangu, mimi Yohana!"

Mfaume, aliyekula ugali kwao juzi tu, aliinama akamtazama vizuri. Martina, akipenya katikati ya miguu ya watu, alimwona anavyomtambua. Kisha gongo likapanda tena.

"Nilijua tu!" Mfaume alinguruma. "Lisemwalo lipo!"

Gongo hilo Martina alilipokea kwa bega. Alijilaza juu ya mumewe, wakampiga naye, mpaka turubai lilipofunuliwa, watu wakaiona kamera, na mikono ikashuka mmoja mmoja.

Mfaume alitupa gongo lake. "Shemeji, tusamehe. Wallahi, tungejua ni mchezo tusingempiga."

Martina alitema damu. "Alikwambia yeye ni Yohana. Hukumsikia?"

Mfaume aliangalia chini.

"Nilimsikia," alisema.