Plasta Juu ya Taa Nyekundu

Baba Pacha alikuwa bingwa wa kupumzika bila kuonekana anapumzika. Ngazi za kwenda kwao, ghorofa ya juu kabisa, zilikuwa na kona mbili. Kwenye kona ya kwanza aliinama kufunga kamba za viatu. Kwenye kona ya pili aliugonga ukuta kwa kidole, akatikisa kichwa na kusema rangi hii imepakwa ovyo, watu siku hizi hawajui kazi. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa nyuma yake na kikapu cha sokoni, akasubiri. Viatu vya mumewe havikuwa na kamba.

Alijua. Mke hangoji kuambiwa na daktari kwamba mtu anayelala naye kitanda kimoja anapumua kwa shida. Kwa muda sasa alikuwa akimwona anasugua kifua kwa kiganja pale anapodhani hatazamwi, na aliogopa. Aliogopa hasa, siyo ile hofu ya kusemasema tu. Watoto wao pacha walikuwa wameshaondoka, kila mmoja na nyumba yake, na humu ndani wamebaki wawili. Mmoja akiondoka, huyo mwingine atagombana na nani?

"Nenda hospitali ukapimwe," alimwambia kila walipokaa kula.

"Mke wangu, mimi ni Toyota," alijibu Baba Pacha, na kijiko kikaendelea na safari yake. "Toyota haipelekwi gereji kwa sababu ya kikohozi."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Alikuwa dereva wa teksi, na teksi yenyewe ilikuwa Corolla nyeupe yenye umri wa kuwazidi wanawe. Viti vilishabadilishwa vitambaa, mlango mmoja ulikuwa na weupe wa namna nyingine, lakini asubuhi ukigeuza ufunguo mara moja tu, inaitika. Magari mengine pale kijiweni, makubwa na ya fahari kuliko lake, yalikuja yakiwa mapya na kuondoka yakiwa yamefungwa kamba. La kwake lilikuwepo tu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wateja walilipita gari lenye kiyoyozi wakamfuata yeye, kwa kuwa walijua watafika. Madereva wenzake walimpa jina la gari: Haizimi. Akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mtu ukilipenda jina sana, unaanza kulitumikia.

Siku ambayo mambo yaligeuka, Mama Pacha alikuwa ameketi kiti cha mbele, anapelekwa sokoni. Njiani walipakia mteja, mama mmoja mwuza vitambaa aliyejaa kiti cha nyuma pamoja na marobota yake. Hawajamaliza hata mtaa mmoja, Baba Pacha akaanza hadithi yake. Mkewe aliijua kama anavyoijua harufu ya jiko lake.

"Unajua, mama, hawa watu wa Toyota walianza na kazi yako wewe?"

"Kazi yangu?"

"Vitambaa. Mwanzilishi alikuwa mtoto wa seremala huko Japani. Inasemekana alimwona mama yake akihangaika kufuma nguo kwa mkono, akasema hapana, nitamtafutia mama nafuu. Akaunda mitambo ya kufumia. Magari yalikuja baadaye, kwa mwanawe. Na jina lao la ukoo si Toyota, ni Toyoda. Walibadilisha kidogo tu, kwa sababu jina jipya kwa maandishi yao lina mistari minane ya kalamu, na nane kwao ni heri."

"Makubwa," alisema mteja, kwa adabu ya mtu anayehesabu kichwani bei za vitambaa.

"Bado. Mtambo wake ulikuwa na sifa moja ambayo dunia nzima iliishangaa. Uzi ukikatika, unasimama wenyewe. Haungoji mtu aje auone. Na mpaka leo kwenye viwanda vyao vya magari wana kamba. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa jana, akiona kasoro anaivuta. Ikibidi, kazi nzima inasimama, na hafokewi na mtu. Wanakuja kumwuliza umeona nini, ndugu yetu."

Alisema hayo kwa fahari, kama kwamba kamba yenyewe aliifunga yeye. Wakati huohuo mkono wake wa kushoto ulikuwa umeuacha usukani, umepanda taratibu, na kiganja kikawa kinasugua kifua.

Mama Pacha aliutazama ule mkono. Kisha, gari lilipokata kona, akaona kitu kingine. Kwenye dashibodi, palipokuwa na taa za kumwonya dereva, palibandikwa plasta, ile ya kubandika kidonda. Chini ya plasta ulipita mwanga mwekundu, ukazimika. Kwenye kona iliyofuata ukarudi.

Kabla ya kuzaa pacha, Mama Pacha alifanya kazi kiwanda cha nguo. Mitambo ya kule nayo ilikuwa ya kusimama: kila uzi ulivishwa kijibati chembamba, uzi ukikatika kijibati kinaanguka, na mtambo unanyamaza. Akaja msimamizi mpya mwenye haraka. Aliona mitambo inasimama mno, inamchelewesha, akachukua waya na kuvifunga vile vijibati visianguke. Wiki ile kiwanda kilinguruma bila kupumzika na msimamizi akatembea kifua mbele. Nguo zilipokunjuliwa, kila jora lilikuwa na ufa kutoka mwanzo hadi mwisho. Wafumaji walicheka mpaka wakakaa chini, na Mama Pacha alicheka kuliko wote.

Sasa hakucheka. Hakusema neno pia, maana mume hasemwi mbele ya mteja. Mwuza vitambaa aliposhuka na marobota yake, akageuka.

"Zima gari."

"Hapa? Barabarani?"

"Hapahapa."

Baba Pacha alimjua mkewe. Sauti ile ilikuwa ya kutiiwa kwanza na kuulizwa baadaye. Akaegesha, akazima. Mama Pacha akanyoosha ukucha, akaibandua ile plasta, akaiweka juu ya paja la mumewe. Chini yake palikuwa na taa ndogo yenye alama ya kibirika.

"Hii ni nini?"

"Taa ya oili. Ina utani huo, inawaka kwenye kona. Inatisha wateja bure."

"Ukaiziba."

"Ni taa tu, mke wangu. Gari haijawahi kulalamika."

"Taa ndiyo mdomo wake," alisema Mama Pacha. "Umeiziba mdomo halafu unasema hailalamiki."

Baba Pacha akanyoosha mkono kwenye ufunguo, angalau wafike gereji kwa heshima zao. Mkewe akauchomoa na kuutia kwenye sidiria, mahali ambapo mjadala huisha. Akampigia simu fundi wao, aje na oili.

Kumngoja fundi kulikuwa adhabu. Corolla nyeupe, boneti juu, kando ya barabara ambayo kila dereva wa kijiweni hupita. Wa kwanza alipiga honi. Wa pili akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Haizimi, leo imezima?"

"Haijazima," alijibu Baba Pacha akiangalia upande mwingine. "Nimezimishwa."

Fundi alikuja kwa pikipiki, dumu la oili limefungwa nyuma. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakitumbukiza tena, akakitoa na kukiinua juu wote wakione. Nchani palikuwa na unyevu kidogo tu.

"Mzee, mara ya mwisho uliongeza lini?"

Baba Pacha akakuna shingo. Kwa kweli hakukumbuka. Toyota ni Toyota, alikuwa akijiambia, na mwezi ukaufuata mwezi.

"Gari ikizeeka inaanza kunywa oili, hata iwe nzuri vipi," alisema fundi, huku akimimina. "Na hii imekuvumilia sana. Kitu kizuri kina ubaya wake huo, kinavumilia mpaka mtu anakisahau. Ungeendelea hivi, tungekuja kuzika injini."

"Kwa hiyo imeumia?"

 Fundi alimalizia kumimina, akaomba ufunguo, na Mama Pacha akageuka kidogo kuutoa. Injini ikaitika kwa mara moja, kama kawaida yake. Fundi akainamisha sikio, akasikiliza, akasikiliza tena. Taa ya kibirika ilikuwa imezimika.

"Mzima," alisema. "Ametoka salama. Lakini kiwese chake, hii oili, upime, mzee, siyo usimulie hadithi za Toyota tu."

Baba Pacha akashusha pumzi ndefu, akaliegemea gari lake. Macho yalimlowa kidogo, akasingizia moshi. Mama Pacha alimwacha apumue, fundi akafunga vifaa vyake na kuondoka, ndipo akamsogelea na kumwekea kiganja kifuani, palepale anapopasugua yeye.

"Na huku umebandika plasta tangu lini?"

Baba Pacha akafungua mdomo atafute kisingizio, kamba za viatu, ukuta, rangi. Hakupata kitu.

"Tangu kabla ya mvua," akasema mwishowe. "Kunabana nikipanda ngazi. Nikisimama kunaachia."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa kuambiwa nimekwisha."

"Wewe kila siku unawasifia watu wenye kamba ya kuvuta," alisema Mama Pacha. "Wamejenga jina lao kwa kitu kinachojua kusimama. Wewe umechukua jina, kusimama umewaachia wao."

Baba Pacha akaitazama ile plasta, bado imenata kwenye suruali yake. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Ingia," akasema. "Twende."

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu, wakaangalia mlango ukifunguka kwa ajili ya watu wengine.  Baba Pacha aliitwa, akapimwa presha mkononi, akalazwa akabandikwa nyaya kifuani, akarudishwa kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza hakumsimulia mtu yeyote chochote. Walipoitwa pamoja, Mama Pacha alimshika kiwiko, na hakujua ni nani anayemzuia mwenzake asianguke.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye maneno machache.

"Presha iko juu sana, baba, na nadhani imekuwa juu muda mrefu. Moyo unafanya kazi kupita kiasi. Hilo la kubana kwenye ngazi ni moyo unakulalamikia."

"Umeharibika?" aliuliza Mama Pacha. Mumewe hakuthubutu.

"Kwa vipimo hivi, hapana. Unalalamika, haujaumia. Atatumia dawa kila siku bila kuruka, atapunguza chumvi, na nitamwona tena mara kwa mara. Wengi huletwa hapa wakiwa wamebebwa. Nyinyi mmekuja kwa miguu yenu, na mmekuja mapema."

Mama Pacha akashukuru kwa kuinamisha kichwa. Ule uzito aliokuwa ameubeba tangu kabla ya mvua ulimtoka wote kwa mkupuo. Baba Pacha alikuwa anacheka kicheko cha mtu aliyekoswa na gari.

"Kiwese changu nipime, nisisimulie tu," alimwambia daktari, ambaye hakuelewa hata kidogo, akamwandikia dawa.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Mama Pacha alibeba kikapu, Baba Pacha mfuko wa dawa. Kwenye kona ya kwanza ya ngazi mkewe alimwona anapunguza mwendo, akangoja ainamie viatu. Hakuinama. Aliketi kwenye ngazi, waziwazi, mfuko wa dawa magotini.

"Nimesimama," alisema.

"Nimeona. Mtu anasimama kwa kukaa?"

Akaweka kikapu chini, akajibana kando yake. Ngazi zilikuwa nyembamba, mabega yao yakagusana. Jirani wa chini akapita na ndoo yake, akashangaa kuwakuta pale kama watoto waliofungiwa nje.

"Vipi, mzee, umechoka?"

"Nimechoka," alijibu Baba Pacha.

Katika ndoa yao nzima Mama Pacha hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mumewe, na hakujua kama siku moja lingeweza kumfurahisha kiasi kile.