Kivuli cha Mama Sesilia

Kila Jumapili Mwalimu Albano, katekista, alisimama mlangoni mwa kanisa la makuti, mwisho kabisa wa Temeke, akikagua watu: nani kaficha hirizi ndani ya nguo, nani ananuka tembo la mnazi. Enzi hizo za Mwingereza padri alikuja na pikipiki kutoka mjini, akasoma misa, akaondoka. Kulinda kigango, kanisa hilo dogo na waumini wake, ilikuwa kazi ya Albano, na Albano hakumwamini mtu.

Filomena, Mama Sesilia, alikaa benchi la nyuma, la waliotengwa. Bintiye Sesilia alikufa kwa homa, na walipomwosha maiti walimkuta na hirizi ya mganga mkononi. Albano alimtaka mama akiri kwamba ndiye aliyeifunga, atubu, arudishiwe komunyo.

"Sikuifunga mie, Mwalimu. Nimdanganye Mungu ili nimpokee?"

Akabaki benchini mwezi baada ya mwezi, anasali, anaimba, hakosi misa. Ukaidi gani huo! Albano alihisi lipo jambo analificha.

Jumapili moja ya masika, wakati wa komunyo, kivuli cha Filomena kiliinuka, kikapita katikati ya watu, kikapiga magoti mbele ya altare. Mwenyewe alibaki ameketi. Albano alidhani ni jua la mlangoni, akaufunga mlango. Kivuli hakikubanduka. Padri alikitazama, akafikiri kidogo, akasema waliotengwa ni watu, vivuli havikutajwa. Akakipa hostia. Kikafumba mdomo, kikarudi kwa mwenyewe.

Tangu siku hiyo watu waliingia kanisani wakitazama chini, kila mmoja akichunguza kivuli cha jirani yake. Albano alichunguza kuliko wote, ndiyo maana akaona. Mkewe Tekla alipokwenda kupokea, kivuli chake kiligeuka nyuma, kikaenda kuketi kando ya Filomena.

Nyumbani alimkuta Tekla anachambua mchicha.

"Kivuli chako kinatafuta nini kule nyuma?"

Tekla hakuinua uso. "Kimekwenda mahali pake. Siku ile Mama Sesilia aliniachia mtoto, akaenda kisimani. Mtoto anawaka moto, Mwalimu, na mie nilimpenda utadhani nimemzaa. Nikamfunga ile hirizi. Niache nikaseme, nimechoka."

Albano aliyaona yote kwa mkupuo: ukatekista umekwenda, nyumba ya misheni kapewa mwingine, watu wanacheka. Alimwonea huruma Filomena, huruma ya kweli. Lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi.

"Ukifungua mdomo hatuna pa kulala," alisema. "Injika chungu."

Tekla akalia, akainjika.

Jumapili iliyofuata Albano alitangaza kwamba kivuli cha Mama Sesilia kiachiwe nafasi mbele, upande wa wanawake, na watoto wasikikanyage. Watu waliona ni sawa, wakasogea. Hakutangaza jingine.

Kule nyuma kivuli cha Tekla kilikuwa kimejikunyata ukingoni mwa benchi. Filomena alikitazama, kisha akamtazama Mwalimu pale mlangoni, akamtazama mpaka Albano akajifanya anakagua komeo. Alishajua, mama wa watu. Akakunjua upande mmoja wa kanga yake, akakitandikia kikae vizuri, akaendelea kuimba.