Bastola Nambari Sitini na Tatu

Na ijulikane kwa watu wote, wa nyanda za juu na wa nyanda za chini, kwamba katika muhula wa pili wa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, mimi Ireri mwana wa Njeru, mwanafunzi wa shule moja ya bweni karibu na Kibugu, nilikuwa mtu mweusi wa pekee katika tarafa nzima mwenye bastola yake mwenyewe, na kwamba niliibeba mchana kweupe, ndani ya kaptula, kwa ajili ya kuilinda nafsi yangu na heshima ya ukoo wangu.

Bastola ilikuwa ya mti wa muringa. Heshima ya ukoo wangu nilikuwa nikiilinda dhidi ya bata bukini.

Nieleze kwanza haki yangu, maana sikuwa mhuni, nilikuwa mtu wa sheria. Babu yangu alipotoka jandoni alipewa mkuki, ngao na upanga, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mtoto. Baba yangu alipewa mkuki tu, kwa sababu ngao ilikuwa imeliwa na mchwa. Mimi nilitahiriwa Desemba iliyopita. Nilivumilia bila kupepesa jicho, ukiacha la kushoto, na nilipopona nikaenda kwa babu kudai changu.

Babu alitazama huku na huku kama mtu anayeficha pombe.

"Mkuki serikali walichukua," akasema. "Walikuja na daftari, wakaandika, wakachukua. Siku hizi mikuki ni ya Kathuri na walinzi wake. Wewe chukua hii."

Akanipa penseli. Ilikuwa imekatika ncha.

Nilirudi shuleni mtu mzima mwenye penseli, na huko nikakuta kila mtu wa maana ana silaha. Bwana Haddow, mwalimu mkuu wetu, alikuwa na bastola iliyofungwa kamba shingoni, kwa sababu serikali iliwaamuru Wazungu wasiachane na silaha zao hata dakika moja, na yeye alikuwa mtu wa kusahau. Ilimfuata kila mahali kama mbuzi. Ilishawahi kuingia kwenye mchuzi. Siku za Jumapili aliiweka kwenye mimbari kando ya Biblia, kisha akatuhubiria tugeuze shavu la pili. Mkewe alikuwa na nyingine, ndogo, kwenye kikapu cha nyuzi za kufumia. Kathuri, mkubwa wa walinzi wa kijiji, alikuwa na bunduki ndefu yenye nambari nyeupe iliyopakwa rangi kwenye kitako.

Siku moja nikanyoosha mkono darasani.

"Bwana, mtu akija kunidhuru, nami nina penseli tu, nifanye nini?"

"Utakimbia," akasema Bwana Haddow. "Miguu ni silaha njema kuliko hii." Akaigusa bastola yake kama mtu anayegusa jipu. "Na haihitaji kibali."

Darasa likacheka. Mimi nikaamua kujipa haki yangu kwa mkono wangu.

Nilichonga wiki mbili, nyuma ya banda la kuni. Kwa mdomo wa bastola niliokota kipande cha bomba la maji kilichotupwa nyuma ya zahanati, nikakipachika, nacho kikakaa vizuri. Lakini bado ilikuwa na sura ya kijiko. Ilihitaji kitu cha chuma juu, chenye ukali. Ndipo nikalikumbuka komeo la mlango wa choo cha walimu.

Naomba nisihukumiwe kwa komeo. Nililing'oa kwa uangalifu, na misumari nikairudisha. Tangu siku hiyo walimu walipokuwa chooni walilazimika kutoa sauti ili mtu asifungue mlango. Bwana Haddow aliimba tenzi. Tulijua ana tatizo la tumbo akifika ubeti wa tano.

Mwisho, kwa kuwa silaha halali ina nambari, nilichoma nambari kwenye mpini kwa msumari wa moto. Nambari yangu ni sitini na tatu. Imo kwenye blanketi langu, kwenye sahani yangu, kwenye sanduku langu, na kila alfajiri tukihesabiwa mwalimu wa zamu huita nambari, haiti majina, nasi hujibu hata kabla hatujaamka sawasawa. Kwa hiyo bastola yangu ikawa nambari sitini na tatu. Nilijiona nimefanya jambo la busara sana.

Rafiki yangu Kinyua aliiangalia huku na huku.

"Inapiga?"

"Bwana mdogo, haikusudiwi kupiga. Inakusudiwa kuheshimiwa."

"Kamwonyeshe bukini basi."

Bukini huyo alikuwa wa mke wa Bwana Haddow, na alikalia njia ya bustanini kama afisa wa kukagua vibali. Nikamwendea. Nikatoa bastola polepole, kama inavyopaswa, nikamwambia asimame. Akasimama. Kisha akaniuma paja, na mimi nikatumia ile silaha isiyohitaji kibali. Kinyua alicheka mpaka akaketi kwenye kabichi.

Hapo ndipo ningepaswa kuitupa. Sikuitupa. Mtu akishakuwa na bastola kiunoni hutembea tofauti kidogo, hata kama ni ya mti, hata kama anachechemea.

Siku ya Ijumaa ikatangazwa kwamba kesho asubuhi Bwana Haddow atakagua masanduku yetu. Nilikuwa na zamu ya jikoni. Mpishi wetu, Salesio, alikuwa Mmeru wa upande wa Kangeta, mwenye shingo ndefu na shavu moja lililojaa miraa, na ufunguo wa ghala la chakula ulikaa shingoni mwake usiku na mchana. Alinifungulia nipime maharagwe. Aliponipa mgongo, nikasukuma bastola ndani kabisa ya gunia, nikakusudia kuitoa Jumamosi baada ya chakula cha mchana.

"Umekawia," akasema.

"Nilikuwa nahesabu, Mzee."

"Maharagwe hayahesabiwi, kijana. Yanapimwa."

Kesho yake ukaguzi wa masanduku ulipita vizuri. Sanduku langu lilisifiwa kwa usafi. Nilikuwa bado natabasamu Kathuri alipoingia langoni na walinzi sita. Hawakuja kwa ajili yetu. Walikuwa wanazunguka maghala yote kando ya msitu, kuhakikisha hakuna chakula kinachopelekwa kwa watu wa msituni, na kila gunia walilichoma kwa mtaimbo.

Gunia la tatu likalia, chuma kwa chuma.

Kathuri akaingiza mkono mpaka begani. Akatoa kile nilichokichonga wiki mbili nyuma ya banda la kuni, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi nilivyokichonga vizuri. Maana bunduki za watu wa msituni nazo zilitengenezwa hivyo hivyo, mti, bomba na komeo la mlango. Na sheria ya miaka hii ni fupi: ukikutwa na bunduki, au hata risasi moja, unanyongwa.

"Ufunguo wa hii ghala iko na nani?" Kathuri akauliza.

Hakungoja jibu. Ufunguo ulikuwa unaning'inia mbele yake.

Kengele ikapigwa, tukapangwa uwanjani kwa mistari. Salesio alikalishwa chini mbele yetu, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya mkonge. Mlinzi mmoja alikuwa amekwisha kupanda baiskeli kwenda kuita gari la polisi kutoka Embu. Likifika na kuondoka naye, hata Bwana Haddow hangeweza kumrudisha. Hilo tulilijua sote.

"Mzee," Kathuri akamwambia Salesio, "hii kitu ulikuwa unapelekea nani?"

"Kathuri, mimi nina sufuria mbili za kulisha watu mia na ishirini. Ningetaka kuua, ningeanza na chumvi."

"Hiyo pia nitaandika."

"Andika. Andika na kwamba sijapika chakula cha mchana."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kila siku. Mkewe, Nelius, alikuja mbio kutoka kwenye vibanda vya wafanyakazi na mtoto wao Makandi mgongoni, akasimama mbele ya Kathuri. Kathuri hakumtazama.

"Mama, mimi sichezi," akasema hatimaye. "Nimeona tatu kama hii. Moja ilitoa ndugu yangu jicho."

Sasa, msomaji, wewe unangoja nitoke mstarini. Na mimi pia nilikuwa nangoja. Nilikuwa nimekwisha kuanza hotuba kichwani. Ilianza na "Waheshimiwa", ikapitia mkuki wa babu na ngao iliyoliwa na mchwa, ikaeleza haki ya mwanamume aliyetoka jandoni kubeba silaha. Ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa kwamba kila nilipofika mwisho wake nilikuta kamba ya kunyongea, kwa hiyo niliirudia kutoka mwanzo nikiboresha lugha. Nilikuwa naiboresha kwa mara ya nne Kinyua aliponikanyaga mguu.

"Sema," akanong'ona.

"Natafuta neno."

"Gari linakuja, Ireri."

Kweli, kule chini barabarani vumbi lilikuwa limeanza kuinuka.

Bwana Haddow alikuja akivaa miwani, bastola yake ikimgonga tumbo. Kathuri akampa ile nyingine. Akaigeuza. Akalitazama komeo kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika kwa namna ya ajabu, kama wa mtu anayekutana na ndugu aliyepotea. Kisha akaigeuza tena, akaisogeza karibu na miwani, akasoma mpini, polepole, kwa sauti ile ile ya kuhesabu watu alfajiri.

"Sitini na tatu."

"Nipo, Bwana!"

Mdomo ulisema kabla yangu. Mguu wa kulia nao ulikwisha kupiga hatua moja mbele, kama ulivyofundishwa miaka mitatu. Watu mia na kumi na tisa waligeuka kunitazama. Hotuba yote ikanitoka kichwani, nikabaki na maneno matano.

"Ni yangu. Ni ya mti."

"Chuma hii ni mti?" Kathuri akauliza.

"Bomba limejaa mti ndani, Mzee. Ni la sura tu. Chukua jani uingize."

Kathuri akang'oa bua la nyasi, akaliingiza kwenye mdomo wa bomba. Liliingia kiasi cha kucha, likagota. Akajaribu tena. Akaitikisa, akaitegesha sikioni.

"Hii haipigi," akasema.

"Haipigi, Mzee. Hata bukini anajua."

Alinitazama mpaka nikatamani kuwa na umri mdogo kuliko nilionao.

"Kijana, huyu mzee angekufa kwa hii."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unalinda nini nayo?"

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kweli, mbele ya shule nzima, kwa maana swali lilikuwa la haki. Sikupata chochote kilichostahili kusemwa mbele ya Nelius.

Kathuri akamkata Salesio kamba. Kisha akaiweka bastola nambari sitini na tatu kwenye gogo la kupasulia kuni, akaipiga shoka mara tatu, na komeo akampa Bwana Haddow mkononi. Gari la polisi lilipofika, afisa aliambiwa kwamba mali ya shule iliyokuwa imeibwa imepatikana, akaonyeshwa komeo, akapewa chai, akaondoka akiwa na hasira ya kula vumbi bure.

Nilichapwa viboko sita. Kabla ya cha kwanza Bwana Haddow alivua kamba yake shingoni, akaiweka bastola ndani ya dawati na kufunga.

"Mimi nimelazimishwa kubeba hii, Ireri," akasema. "Wewe ulijilazimisha mwenyewe. Inama."

Nililirudisha komeo kwenye mlango wa choo, na shule ikakosa tenzi. Nikapewa pia kuosha masufuria mpaka mwisho wa muhula, na hapo ndipo nilipo sasa.

Lakini jambo likageuka. Wavulana wadogo walianza kusema kwamba Ireri alijitoa, kwamba aliitika mwenyewe kumwokoa mzee. Sikuwasahihisha. Nilianza kutembea tena ule mwendo wa bastola. Jana Nelius aliniletea kiazi kitamu kilichochomwa, amekifunga kwa jani la mgomba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu anikumbuke. Nikakipokea. Nikakila chote, na ganda.

Salesio alikuwa anakoroga uji, amenipa mgongo.

"Kitamu?"

"Kitamu, Baba Makandi."

"Ireri, nikuulize. Siku ile ulijitokeza, au uliitwa?"

Nilisugua sufuria. Lilikuwa limekwisha kutakata.

"Niliitwa."

"Na asingeiita nambari?"

"Nilikuwa na hotuba," nikasema.

"Sikuuliza hotuba."

Moshi wa kuni mbichi ulikuwa unanichoma macho, na safari hii hata la kulia lilipepesa.

"Sijui, Mzee," nikasema. "Gari lilikuwa limekaribia, nami nilikuwa bado naanza upya. Sijui kama ningetoka."

Akautoa mwiko kwenye uji. Kisha akanisogezea sufuria kubwa la pili, lile lililoungua chini.

"Kesho ukimwona Mama Makandi," akasema, "mwambie hivyo hivyo. Halafu mrudishie jani lake."