Nafasi ya Kipa

Jumamosi hiyo Jovithe aliamka na jambo moja tu kichwani. Kabla ya jioni ilikuwa lazima apate albamu ya kutunzia kadi zake, la sivyo kipa angevuka mpaka kwenda Uvira na asirudi tena.

Kadi zenyewe zilikuwa za wachezaji wa mpira, ndogo, za kuenea kiganjani mwa mtoto. Zamani, Jovithe alipokuwa angali mwanafunzi, zilikuwa zikitiwa ndani ya pakiti za biskuti. Kampuni iliyozitoa ilishafunga milango, na kadi zikabaki mikononi mwa watu wachache wasiosahau. Jovithe alikuwa mmoja wao. Alitafuta, akabadilishana, akabembeleza, mpaka sasa, mtu mzima mwenye mke na kazi ya ualimu hapo Ngagara, timu yake ilikuwa imetimia isipokuwa kipa.

Kipa huyo alikuwa kwa Shakuru, muuza vipuri wa Buyenzi. Shakuru alikubali kumbadilisha na kadi ya mshambuliaji, ambayo Jovithe alikuwa nazo mbili. Lakini siku walipokutana, Jovithe alitoa kadi zake ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimekazwa kwa mpira wa kufungia. Shakuru alimrudisha kipa mfukoni.

"Mwalimu, we unatunza kadi ama unafuga panzi?" alimwambia. "Tafuta classeur ya kweli, albamu yenye mifuko. Nione timu yote imelala vizuri, ndipo kipa wangu ataingia. Jumamosi jioni bila hivyo, binamu yangu wa Uvira anamuchukua."

Asubuhi ile ya Jumamosi Jovithe alipiga magoti akamwomba Mungu amfungulie njia. Hakuona haya kuomba kwa ajili ya kadi, maana Mungu anayehesabu nywele za kichwa hawezi kudharau jambo dogo. Kisha akatandika kitambaa safi mezani, akapanga timu yake kama ilivyosimama uwanjani. Mkewe, Nella, alikwisha kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nyumbani alibaki mama mkwe wake, mama Léocadie, aliyekuja kutoka Ngozi kukaa nao siku chache.

"Mabukwe," Jovithe alimwita kwa heshima, "naomba uniangalilie hizi. Ni vitu vya maana sana kwangu. Paa letu unalijua. Maji yasizifikie hata tone."

"Nenda na amani, mukwe wangu. Maji hayatazifikia."

Alimtia yule mshambuliaji wa ziada kwenye bahasha, akamweka mfukoni mwa shati ili apimie, akaenda mjini.

Duka la kwanza, muuzaji aliyeitwa Annick, aliyemfahamu, alimletea faili nene la ofisi, lenye pete za chuma.

"Apana, dada. Hizi pete zinabonyeza. Kadi ya karibu na mgongo itapata kovu."

"Basi weka mbali na mgongo."

"Na mifuko yake ni mikubwa. Kadi itachezacheza humo kama punje ndani ya debe."

Annick alivuta pumzi, akapanda ngazi, akashuka na albamu ya picha yenye kurasa za gundi. "Hii ni ya harusi. Ukibandika haitoki tena."

"Ndiyo shida yenyewe. Mi nataka itoke."

"Mwalimu! Harusi na kutoka, wapi na wapi?" Wateja wote walicheka, na Jovithe akatoka nje masikio yakimwaka.

Duka la pili lilikuwa na mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali. Hiyo aliijua. Kwa joto la Bujumbura plastiki ile hutoa jasho, ikashika wino, na siku ukivuta kadi uso wa mchezaji unabaki ndani. Duka la tatu mifuko ilikuwa mizuri, ila midomo yake ilikuwa imelegea na kutazama juu. Alipogeuza ukurasa, mshambuliaji alichomoka, akaanguka karibu na kiatu cha mtu. Jovithe alimwokota, akamfuta kwa shati lake. "Bwana, unaniona kweli?" alinong'ona, akajuta papo hapo kwa kuuliza.

Hatimaye, kwenye kibanda cha vifuniko vya simu, nyuma ya betri za redio, aliona albamu nyeusi. Haikuwa na pete. Mifuko yake ilifunguka kwa ubavu, kuelekea mgongo, hivyo kadi isingeweza kuteleza. Plastiki yake ilikuwa ngumu kidogo, isiyo na harufu, na ukanda wa kuvutika uliifunga vizuri. Mshambuliaji aliingia kama mguu ndani ya kiatu chake.

"Mungu ni mwema!" Jovithe alisema kwa sauti. Muuzaji alimtazama kama mgonjwa.

Aliinunua, akarudi nyumbani akitembea upesi. Mabukwe alikuwa mlangoni anatabasamu.

"Nilikwambia maji hayatazifikia."

Juu ya meza kulikuwa na karatasi moja kubwa inayong'aa. Mama Léocadie alikuwa amepeleka timu nzima kwenye kibanda cha pembeni, pale mtaa mzima unapopeleka vyeti vya ubatizo, diploma na vitambulisho vifungwe kwa plastiki ya moto. Wiki nzima kibanda hicho hakikuwa na umeme. Leo ulikuwa umerudi.

"Kijana alitaka kufunga moja moja, nikakataa. Ndugu hawatenganishwi." Akaweka kidole nyuma ya mabeki, palipokuwa peupe. "Na hapa nimeacha nafasi ya kipa. Nella aliniambia hajafika."

Jovithe alijaribu ukingo kwa ukucha. Plastiki ilikuwa imeuma karatasi. Ukiivuta, nyuso zote zinakuja nayo. Maneno yalimpanda mpaka kooni, lakini mwanamume hampandishii mabukwe wake sauti, hata nyumba ikiungua. Akayameza na miiba yake.

"Asante, Mabukwe."

"Si kitu, mwanangu."

Buyenzi alimkuta Shakuru anafuta mikono yenye oili. Shakuru alifungua albamu kwa ncha za vidole. "Eh! Wallahi, hii sasa ni classeur." Akamwona mshambuliaji, akageuza kurasa nyingine, zote tupu. "Wenzake wako wapi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: wako nyumbani, utawaona kesho. Lakini mtu hawezi kumwomba Mungu asubuhi akadanganya jioni. Jovithe akatoa ile karatasi.

Shakuru alicheka mpaka akashika meza. "Nani amekutendea hivi?"

"Mabukwe."

Kicheko kikakatika. "Pole, ndugu yangu. Kwa mabukwe hakuna mahakama."

"Nipe kipa. Mshambuliaji ni msafi, umemuona mwenyewe."

Shakuru alimtoa kipa, akamlaza juu ya nafasi ile nyeupe. Alienea sawasawa. Kisha akainua karatasi kidogo, na kipa akateleza juu ya plastiki mpaka mkononi mwake.

"Ona. Ataingilia wapi? Na amulinde nani? Timu ya binamu yangu ingali inapumua, mwalimu. Yako imezikwa."

"Nilitafuta kutwa nzima, Shakuru."

"Najua. Classeur ni nzuri sana." Akamrudisha kipa mfukoni.

Usiku ule mezani, maharagwe yakiwa yanatoa mvuke, Nella alimwomba mumewe aongoze sala. Jovithe alifumba macho, akatafuta neno la shukrani, asilione. Mabukwe akamsaidia.

"Baba wa mbinguni," alisema, "umulinde huyo kipa popote alipo, umulete nyumbani. Nafasi yake tumemuwekea."

Jovithe alikaza meno. Albamu nyeusi ilikuwa juu ya magoti yake, mshambuliaji peke yake ndani. Nella na mama yake walikuwa wanamsubiri. Akasema Amina, kwa sababu mkwe hawezi kumnyima mabukwe wake Amina.