Daraja Lililonyooka

Kaka yangu alipenda kitu kilichonyooka. Picha ikining'inia upande ukutani hakuli mpaka ainyooshe, hata kama ni nyumba ya watu. Kazini wakambandika jina la Pima Maji, kile kifaa cha waashi, naye akalipokea kama cheo. Yeye ndiye msimamizi wa daraja. Mimi, kitinda mimba wa mama, nilikuwa fundi wa pampu chini yake. Walikuwepo waliosema nimepata kazi kwa mgongo wa kaka. Waje basi wazibebe hizo pampu.

Daraja lenyewe halina nguzo. Bahari ina kina kirefu pale, nguzo haifiki chini, kwa hiyo barabara ililazwa juu ya maboya ya zege, kila moja kubwa kama jengo la shule, yakishikwa na nyaya za nanga yasiende zake. Ndani ya boya mna vyumba vitupu vilivyozibwa, na hewa ya mle vyumbani ndiyo inayobeba malori. Kila asubuhi nilishuka kwa ngazi, nikafungua vifuniko, nikamulika. Chumba kikavu ukikohoa kinakurudishia kikohozi chako. Chenye maji kinakumeza sauti.

Chumvi haina haraka na haina likizo. Inaingia kwenye ufa usiouona, inakula nondo, nondo inavimba, zege inapasuka. Nilikuwa naziba huku, kunavuja kule. Bandu bandu huisha gogo, wanasema, na mimi nililipwa kulisimamia gogo likiisha.

Mama aliishi ng'ambo, sisi upande huu wenye hospitali. Figo zake zilikwisha kazi, ikawa lazima avuke mara tatu kwa wiki kuja kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa daraja, chai uliyoibeba kwenye kikombe inafika ingali ya moto. Kwa barabara ya kuzunguka ghuba ni kutwa nzima ya mashimo, na daktari alishatuambia mwili ule hauihimili safari hiyo. Tulimbembeleza ahamie kwetu akacheka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema, na yeye jembe la mkwewe hataliweza kwa umri ule. Alikuwa mkaidi, Mungu amrehemu, na ukaidi wake ulitugharimu.

Basi chumba kimoja cha boya la kati, upande wa upepo, kikapasuka kuliko uwezo wa pampu zangu. Daraja likainama kidogo. Madereva hawakuona kitu, kaka aliona akiwa mbali. Njia sahihi inajulikana: unafunga barabara, unalitoa boya, unaliziba kwa nje, na miezi inakwenda. Kaka akachukua njia nyingine, ambayo nayo tunaijua sote na hatuitaji mbele ya wakubwa. Alinituma niyafungulie maji ya bahari yaingie chumba cha upande wa pili, mpaka pande zote mbili zikawa na uzito mmoja. Daraja likanyooka.

Nilimwambia, "Kaka, limenyooka lakini limeshuka."

"Limeshuka kidogo."

"Na chumba kingine kikipasuka?"

"Tutalinyoosha tena. Kwani unataka mama apitie wapi, Kitinda? Sema wewe."

Sikuwa na pa kumpitisha. Nikafungua valvu. Na kilipopasuka kingine nikafungua tena, na tena, na kila mara daraja lilikuwa limenyooka na kila mara bahari ilikuwa karibu zaidi na miguu yangu.

Makao makuu wakamtuma mhandisi, mama mmoja mpole mwenye kofia iliyompwaya. Kaka aliweka glasi ya maji juu ya lami, akamwonyesha maji yalivyotulia, hayakuegemea kokote. Mhandisi hakuitazama glasi. Aliinama kwenye ukingo akauliza mstari mwekundu wa kikomo cha maji uliochorwa ubavuni mwa boya uko wapi. Kaka akajibu kwamba chumvi imebandua rangi. Mhandisi alimtazama kwa huruma, tena sana, akasema atarudi na wazamiaji. Tulijua wakija watafunga. Tangu siku hiyo kaka alikonda, akawa anampigia mama simu kila saa kumuuliza amekula nini.

Upepo ukawatangulia wazamiaji.

Ilikuwa asubuhi, siku ya mashine. Upepo ukizidi, kuna kipande cha katikati ambacho huvutwa nyuma juu ya reli, kile kile kinachopisha meli, ili mawimbi yapate njia na daraja lisibanwe. Kaka akiwa chumba cha mitambo akabonyeza. Kikasogea hatua moja kikalia, kikasimama. Boya la kati lilikuwa limeshuka mno, reli hazikukutana tena. Tulikuwa tumelinyoosha daraja mpaka likashindwa kufunguka.

Daraja lisilofunguka kwenye upepo halipitishi hata baiskeli. Hilo hufundishwa siku ya kwanza, kabla hujapewa viatu. Mimi nilikuwa ng'ambo, zamu ya geti, nikashusha kizuizi. Gari la kwanza kusimama mbele yake lilikuwa teksi ya mama.

Alikuwa kiti cha nyuma na blanketi magotini, uso umevimba kama kawaida ya siku hizo. Nyuma yake foleni ikaanza. Redio ya mkononi ikaita, na ni sauti ya kaka.

"Mpitishe."

Nikamwambia haiwezekani.

"Gari moja, Kitinda. Gari moja tu. Limebeba malori mwaka mzima hili."

Niligeuka kulitazama. Mawimbi yalikuwa yanapanda lami na kushukia upande wa pili, na chini ya boya la kati nilisikia waya wa nanga ukilia. Nusu ya vyumba vilivyojaa nilivijaza mimi. Yeye alijua daraja limenyooka. Mimi nilijua limebaki na hewa kiasi gani.

Mama aliteremsha kioo. "Ni kaka yako huyo?"

"Ndiye."

"Mwambie asipige kelele, watu wanasikia." Kisha akaniuliza taratibu, kama anayeuliza bei, "Nikipita, litavunjika?"

"Sijui, mama."

"Na huyu kijana anayeniendesha ana watoto." Akanitazama mkono uliokuwa kwenye kizuizi. "Geuza, baba," akamwambia dereva.

Nililia pale pale getini, na malori yananipigia honi.

Alasiri upepo ukatulia. Daraja halikuvunjika. Wazamiaji walikuja, wakazama, wakatoka wakitikisa vichwa, na malango ya magari ya pande zote mbili yakachomelewa. Kesho yake kaka alimfuata mama kwa kuzunguka ghuba, na siku ya pili, njiani kurudi, mvua ilikuwa imekula kalvati, wakasubiri kwenye tope hadi jioni. Mama alikata roho ndani ya gari, kichwa mapajani mwa kaka. Kwenye mazishi kaka alisema kutoka pale walipokwama daraja lote linaonekana.

Hawajaamua walifanyeje. Kulivunja ni gharama, kulitengeneza ni gharama, na likizama litaziba njia ya meli. Kwa hiyo nimebakizwa kazini. Kila asubuhi nashuka kwa ngazi zile zile, napampu maji ya daraja asilopita mtu, na usiku yanarudi. Kaka walimwachisha, lakini walinzi wanamjua na wanamruhusu kuingia. Hunijia juu ya kifuniko nikiwa chini, nikaona viatu vyake tu. Anaweka glasi kwenye lami, anasubiri maji yatulie. Tangu mazishi ana neno moja tu la kuniambia, na hulisema bila hasira.

"Lingebeba."

Nami huwasha pampu, nisimsikie akilirudia.