Mzinga wa Babu

Asubuhi ile Fundi alipofungua mlango wa duka lake la cherehani, alikuta ukutani msalaba mwekundu ambao rangi yake ilikuwa bado inachuruzika. Aliugusa kwa kidole ili ahakikishe haoti, kisha akajifuta kwenye gauni bila kufikiri, na gauni lenyewe lilikuwa la mteja. Hapo ndipo alipotukana, tena kwa sauti, bila kujali nani anapita.

Maana ya msalaba ule ilijulikana mtaa mzima. Nyumba ibomolewe. Upande wa baharini ilikuwa imeota hoteli yenye kila kitu isipokuwa mahali pa kuegesha magari, na mwenye hoteli, kila alipotoka kwenye veranda yake, macho yake yalitua kwenye nyumba ya Fundi. Nyumba yenyewe haikuwa kitu cha kuringia. Chini duka, juu vyumba viwili, na juu kabisa sakafu ya paa ya kuanikia nguo. Lakini mama yake Fundi alizaliwa katika chumba kimojawapo cha juu, na alikuwa ameshatangaza kwamba hatoki humo ila amebebwa. Fundi alimjua mama yake. Akihamishwa, hatamaliza mwaka.

Saa nne akaja Afisa wa Urithi. Huyu kazi yake ilikuwa kulinda majengo ya kale, na tangu aajiriwe alikuwa amefanikiwa kukilinda kiti chake tu. Aliingia dukani na kofia pana na mkoba wa ngozi, akaitazama dari kwa huruma.

"Pole sana, mama. Sheria ni sheria."

"Nyumba hii ina umri mkubwa kuliko sheria yenyewe," alisema Fundi, pini zikiwa mdomoni.

"Ukuukuu peke yake si urithi. Nyumba ili ilindwe, lazima iwe na tukio."

"Tukio gani?"

"Lolote, mradi liwe kubwa. Kama alilala mfalme. Kama palipiganwa vita."

Fundi akatema pini zote kiganjani. "Hapa palikuwa na mzinga."

Afisa akavua kofia.

"Mzinga wa babu yangu, mzaa mama," Fundi aliendelea, na kadiri alivyosema ndivyo shingo ilivyonyooka. "Ulikuwa kule juu kwenye paa. Wakaja askari wa kodi, wengi tu. Mzinga ukanguruma, wakatoka mbio mpaka baharini na viatu vyao. Muulize yeyote katika ukoo wetu."

Ukoo huo ulibaki na watu watatu, lakini hilo hakulitaja. Habari ya mzinga alikua nayo tangu utotoni. Aliwahi kuitumia shuleni kuwatisha watoto wakubwa, na aliwahi kuitumia kukataa posa ya mwanamume ambaye babu yake hakuwa na silaha yoyote.

"Na uko wapi sasa huo mzinga?" aliuliza Afisa, sauti imelainika. Tayari alikuwa anawaona wageni wakipiga picha.

"Upo. Tumeuhifadhi," alijibu Fundi, na huo ndio ulikuwa uongo wake pekee siku ile. Mengine yote aliyaamini.

Afisa alipotoka tu, Fundi akamwita mtoto wa kaka yake. Kijana huyu alikuwa akitembeza wageni mjini, na mtaani walimwita Profesa kwa sababu hakuna swali lililowahi kumshinda, na majibu yake mengi yalikuwa ya kutunga hapohapo. Kulikuwa na tundu la maji machafu kwenye ukuta mmoja wa kichochoro, na kwa miaka yote aliwaambia wageni kwamba ni dirisha la kupitishia barua za mapenzi. Wageni wengine walilibusu.

"Mzinga, shangazi? Hilo dogo," alisema Profesa.

Akaenda kwa muuza vyuma chakavu, akarudi na bomba nene la choo lililong'olewa kwenye jengo fulani. Akaliziba nyuma kwa gogo la mbao, akalipaka rangi nyeusi, akalipandisha juu ya magurudumu ya mkokoteni uliokufa. Vibarua wanne walilifikisha kwenye paa, mdomo ukaelekezwa hotelini. Ukilitazama kutoka chini, tena ukiwa na haraka, lilikuwa mzinga kamili. Kamati ya Urithi ilikuja, ikalitazama kutoka chini, tena ikiwa na haraka, ikapitisha.

Habari zilipoenea kwamba nyumba yenye historia haivunjwi, mtaa wote ukapata historia kwa mpigo. Kinyozi wa jirani akakumbuka kwamba kwenye kiti chake alinyolewa mfalme, mfalme gani alikuwa bado anamtafuta. Muuza mkaa akaanza kuliita ghala lake gereza, akawafungia wageni humo kwa ada ndogo. Mwenye choo cha kulipia naye akabandika kibao kwamba baharia maarufu aliwahi kupita pale, na hilo hakuna aliyeweza kulipinga, maana mabaharia nao ni watu.

Siku moja mama akapanda juu kuota jua. Alikuwa haoni vizuri tena, akalipapasa lile bomba kutoka mdomoni hadi kwenye gogo la nyuma. Fundi alikuwa anaanika nguo, akasikia mama anacheka peke yake.

"Jamani, mwanangu, mmenirudishia mzinga wa baba! Ila mbona wa chuma? Nyuki wataungua na jua."

Kibanio kikamponyoka Fundi mkononi. "Nyuki gani, mama?"

"Nyuki wa mzinga. Kwani kuna wengine?"

"Si mlisema mzinga uliwakimbiza askari?"

"Uliwakimbiza. Baba aliupiga teke, ukawaangukia ngazini."

"Mlisema ulinguruma!"

"Wewe hujawahi kuwasikia nyuki waliochokozwa?"

Fundi alikaa chini palepale, juu ya shuka lililolowa. "Mama, miaka yote hii, kwa nini hukusema kwamba ni mzinga wa nyuki?"

"Uliniuliza?" Mama alishangaa kweli. "Baba yangu alikuwa seremala. Mzinga wa vita angeupata wapi? Na angempiga nani, jirani?"

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alimkumbuka yule mwanamume aliyemkataa. Kisha aibu ikampisha hofu, maana sasa alijua, na aliyejua ndiye atakayeulizwa. Akamkimbilia Profesa akamwaga yote.

Profesa alifikiri kidogo. "Shangazi, neno si lilelile? Ulisema mzinga. Ulikuwapo mzinga. Uongo uko wapi?"

"Na lile bomba?"

"Bomba halijasema neno."

Wakakubaliana kunyamaza, na mama asielezwe lolote. Mama akaambiwa tu kwamba kutakuwa na sherehe na kwamba atakaa dirishani avae nguo nzuri. Hakuelezwa zaidi, naye hakuuliza. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mumewe afe. Mwanawe, ambaye hakuwahi kupenda mambo ya wazee, kamrudishia mzinga! Basi akafanya alivyomwona baba yake akifanya. Alipasha nta akaipaka ndani ya bomba, akaweka na matone ya asali, akatundika gunia lililoloweshwa maji juu yake kuzuia joto.

Fundi hakuona lolote. Sherehe iliahirishwa mara mbili kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa safarini, na muda wote huo yeye alikuwa chini akishona pazia la kufunikia kibao cha historia kitakachozinduliwa, kwa heshima ya taifa na kwa mkopo. Jioni moja mama alishuka ngazi taratibu akitabasamu.

"Wamekuja," alisema.

"Wengi?" aliuliza Fundi bila kuinua kichwa, akidhani ni wageni wa Profesa wanaopiga picha kule nje.

"Wengi mno. Na wametulia, hawana fujo."

"Waache tu, mama. Wakishiba watatoka."

"Eh, hao hawatoki," alisema mama, akaenda kulala.

Siku ya sherehe kichochoro kilifagiliwa kuliko kilivyowahi kufagiliwa. Mgeni rasmi alikuja na suti ya rangi ya maziwa na wasaidizi wa kumshikia kila kitu isipokuwa suti. Mwenye hoteli alikaa kando yake, akipiga makofi kwa ncha za vidole. Alikuwa ameomba uamuzi uangaliwe upya, na mfukoni alikuwa na mtaalamu wake wa mizinga, mzee wa miwani aliyeingojea tu nafasi ya kupanda juu. Fundi alipoambiwa yule ni mtaalamu wa nini, alisogeza kiti chake mpaka kwenye mlango wa ngazi akauziba.

Afisa wa Urithi alihutubia mpaka kivuli kikahama. Akasema ujasiri. Akasema mababu. Akasema kwamba asiyeujua mzinga wake hajijui mwenyewe. Kisha mgeni rasmi akavuta pazia, na kibao cha shaba kikasomeka kwa herufi kubwa: JUU YA NYUMBA HII ULIKUWAPO MZINGA ULIOWAKIMBIZA WAVAMIZI MPAKA BAHARINI.

"Na sasa," alisema Afisa, "mzinga utanguruma tena!"

Hilo lilikuwa wazo la Profesa. Alikuwa kwenye ngazi ya paa na fungu la fataki kwenye ncha ya upondo mrefu, tayari kulisukuma kwenye mdomo wa bomba. Kutoka pale hakuona ndani, na hata angeona asingeamini.

Mama alinusa moshi wa kiberiti, akampigia mjukuu wake kelele kutoka dirishani: "Wewe, mume wangu! Moto haupelekwi mzingani! Utawakasirisha!"

Watu wakashangilia. Afisa akafuta chozi, akamwambia mgeni rasmi kwamba bibi anawakumbuka wale askari.

Fundi hakushangilia. Alimtazama mama yake, akalitazama bomba, akasikia upya lile neno, wamekuja. Akasimama, akasema kile ambacho alikuwa ameapa kutokisema mbele ya watu.

"Huo ni mzinga wa nyuki!"

Fataki zikalipuka, na mlipuko ukameza kila kitu isipokuwa neno la mwisho.

Kwa kitambo hakukutokea kitu. Halafu bomba likanguruma. Halikunguruma kama fataki. Lilinguruma kwa ndani, bila kupumua, na kutoka mdomoni likatoka wingu la rangi ya kahawa, likasita kidogo hewani kuchagua, likaichagua suti ya maziwa.

Mgeni rasmi alitoka nduki. Wasaidizi wake, waliozoea kumfungulia njia, safari hii walimpita. Kamati ikapita juu ya viti. Mtaalamu wa mizinga alithibitisha kwa miguu yake kwamba silaha inafanya kazi. Kinyozi aliwafungulia wachache mlango, muuza mkaa akawafungia gerezani bure, lakini wakubwa wote hawakujua kichochoro kingine zaidi ya kile kilichoteremka moja kwa moja hadi ufukweni. Waliingia majini na viatu vyao. Mwenye hoteli alikaa mpaka shingoni mbele ya veranda yake mwenyewe, wageni wake wakimpiga picha.

Fundi alikuwa amejifungia dukani, amejifunika lile pazia, akilia. Hakuumwa hata na mmoja. Alilia kwa sababu aliona nyumba imekwenda, na amemwaibisha mama yake mbele ya mji.

Kesho yake asubuhi Afisa wa Urithi akaja. Jicho moja lilikuwa limefumba, mdomo umehamia upande, na chini ya kwapa alikuwa na kopo la rangi. Fundi alilitazama kopo akajua ni msalaba mwingine. Hakungoja aulizwe.

"Nilikuambia kabla fataki hazijalipuka, nakuambia tena. Haukuwa mzinga wa vita. Babu alikuwa na nyuki. Mimi mwenyewe sikujua, nilipojua nikanyamaza, kwa ajili ya mama. Lile juu ni bomba la choo. Andika unachotaka."

Afisa hakuandika. Alitoka nje, akasimama mbele ya kibao, akakisoma kwa jicho lake moja, neno kwa neno, kidole kikifuata herufi. Alikuwa amekesha akiitunga ripoti. Kila alipoianza, alikuta lazima aeleze jinsi ofisi nzima, kamati na mgeni rasmi walivyoshindwa kutofautisha silaha na asali. Na mwenye hoteli alikuwa ameshapiga simu alfajiri, kwamba magari yake ataegesha upande ule mwingine wa mji, na asitajiwe tena mtaa ule.

"Kibao hakina kosa," alisema hatimaye, maneno yakitoka kwa shida.

"Unasemaje?"

"Nimekisoma mara tatu. Hakuna cha kurekebisha." Akafungua kopo. Rangi ilikuwa nyeupe. Akachovya brashi, akaanza kuufuta ule msalaba mwekundu yeye mwenyewe, taratibu, akikodoa lile jicho zima kuelekea kwenye paa.

Fundi alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Dirisha la juu likafunguka. Mama alichungulia, akakiona kitu kilichovimba kikipaka ukuta wake rangi.

"Nani huyo?"

"Ni bwana wa ofisini, mama," alisema Fundi. "Wa jana."

"Ehe. Mwanangu, walikufikisha mpaka baharini?"

Afisa aliinua uso. "Walinifikisha, bibi."

"Na viatu?"

"Na viatu."

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamgeukia binti yake.

"Basi ndio wenyewe," alisema, akafunga dirisha.