Mke Mwenza Kutoka Thornbeck

Maureen alimkuta mumewe analia ndani ya gari. Mlango wa gereji ulikuwa bado umefungwa, injini imezimwa, na mikono yake yote miwili imeushika usukani. Ilikuwa Jumapili ya Aprili, na huko nje theluji ilikuwa inaanguka kana kwamba hakuna aliyeiarifu kuwa Pasaka imekwisha. Walikuwa wanakwenda kanisani. Alisimama pale na kitabu chake cha nyimbo, akajua kwamba simu imepigwa kutoka Kimilili na kwamba mama mkwe hayupo tena. Alizivua hereni zake, ya kulia kisha ya kushoto, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba habari ya msiba haipokelewi na mapambo masikioni. Kisha akafungua mlango, akaketi, akamshika mumewe begani.

"Ni nani?" alinong'ona.

Zadock alichomoa waya wa kusikilizia uliokuwa sikioni. "Tumepigwa arobaini na sita kwa sita," alisema. "Nyumbani, Maureen. Mbele ya watu wetu."

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alitamani asingeelewa.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa."

"Hakuna."

Akazivaa hereni zake. Kanisani siku hiyo aliimba kwa sauti kubwa kuliko wanakwaya, na hakusikia hata neno moja alilolitamka. Mwanamume huyu hakulia walipowaaga wazazi wao uwanja wa ndege. Hakulia yeye Maureen alipofeli mtihani wa leseni ya uuguzi, mara ya kwanza wala ya pili. Alikuwa amekwisha kujiambia kwamba ndivyo alivyoumbwa, mtu wa macho makavu. Kumbe machozi alikuwa nayo siku zote, ila yalikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe aliitwa Thornbeck. Ni mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza ambako Zadock Wanjala alisomea uhasibu kwa mwaka mmoja, kabla hajamjua Maureen. Mji ule una klabu ya raga, raga ya wachezaji kumi na watatu kila upande, si ile ya kumi na tano aliyoicheza shuleni. Alikwenda uwanjani mara ya kwanza kwa sababu chumba chake kilikuwa na baridi na alisikia kwamba kule huuzwa chai ya moto. Thornbeck walifungwa siku hiyo. Walifungwa na wiki iliyofuata. Mtu mwingine angekunywa chai yake akaenda zake, lakini ukipenda, chongo huita kengeza, na Zadock alipenda.

Sasa aliishi na Maureen mjini Crystal, ng'ambo nyingine ya bahari, mbali na Thornbeck na mbali na Kimilili, alifanya kazi ya hesabu mji jirani wa Eden Prairie, na kila asubuhi katika foleni ya magari alisikiliza wazee wa Thornbeck wakibishana redioni kupitia simu yake. Kwenye kompyuta aliweka takwimu za kila mchezaji: nani kawaangusha wapinzani wangapi, nani kakosa, nani kadondosha mpira. Aliyempenda zaidi alikuwa Crowther, namba tisa, mtu mfupi mwenye shingo nene aliyeangusha watu zaidi ya arobaini katika kila mechi na bado timu ikafungwa. Jina hilo Zadock alilitamka kwa upole ambao Maureen hakuwa ameusikia tangu siku za uchumba.

Yeye Maureen alikuwa muuguzi kwao Webuye kwa miaka minane. Hapa alikuwa anawaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya wazee kule Roseville, akisubiri leseni. Alipofeli mara ya pili, Zadock alimwambia, "Pole. Utajaribu tena," kisha akachukua ufunguo wa gari akaenda kununua maziwa, na maziwa yalikuwepo kwenye friji. Tangu siku hiyo hakuutaja mtihani. Lakini goti la Crowther lilipovimba, lilizungumzwa wiki nzima, asubuhi na jioni, kwa huruma na kwa matumaini. Hapo ndipo palipomuuma Maureen. Maneno ya kufariji mume wake alikuwa nayo tele, ila alikuwa anayapeleka kwingine.

Wivu wa mwanamke kwa mwanamke mwenzake una heshima yake. Watu wanauelewa, na hata kanisani utaombewa. Lakini utamweleza nani kwamba mke mwenzako ni wanaume kumi na watatu waliojaa matope, na wanashindwa kila wiki?

Alimweleza Goretti. Goretti alikuwa Mkongo wa Uvira, mwenzake wa zamu, na alipoisikia habari ya machozi ndani ya gari alicheka mpaka akashika meza ya chumba cha mapumziko.

"Ma chère, wewe unalalamika? Bwana yangu analiaka juu ya bière, pombe tu," alisema.

"Sicheki, Goretti."

"Basi sikia. Kwetu, mke mwenza haumukimbie. Unamusoma. Unajua chakula anapikaka, unajua saa anaamukaka. Pole pole, kisha unamupita."

Maureen akaanza kumsoma. Wakati wa mapumziko alikaa na simu yake akaitazama Thornbeck kama mtu anayetuma mpelelezi kwa mke mdogo, atafute dosari. Dosari zilikuwa nyingi, wala hakuhitaji kupekua. Mabeki walichelewa kurudi nyuma. Mkimbiaji wao wa pembeni alikuwa anaangalia jukwaa zaidi ya mpira. Lakini ukimchunguza adui sana utamjua hadi anavyopumua, na kufikia Julai Maureen alijua kwamba Crowther ni fundi wa mabomba siku za kazi, kwamba ana mapacha, na kwamba bega lake la kushoto hufungwa bandeji vibaya. Hilo la bandeji lilimuudhi hasa. Crowther aliangushwa akainuka, akaangusha mtu, akainuka tena. Zadock alipoanza kusimulia mezani, Maureen alikuwa amekwisha kujua, na alinyamaza akala ugali wake kwa raha ya mtu mwenye siri.

Kufika mwisho wa Agosti Thornbeck walikuwa wa mwisho kwenye jedwali, na mtihani wa tatu ulikuwa umekaribia. Maureen alipiga magoti kando ya kitanda akaomba mambo mawili. Aliomba afaulu. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, ingawa hapakuwa na mtu chumbani, aliomba Thornbeck washushwe ngazi wapotelee mbali, ili mume wake arudi nyumbani. Alimalizia kwa jina la Yesu, na hakuona haya.

Matokeo ya mtihani yaliingia kwenye simu yake Jumamosi, akiwa kazini, ndani ya chumba cha mashuka. Aliyasoma akiwa amesimama. Kisha akakunja mashuka yaliyobaki, yote, kona kwa kona, akaamua kwamba atamwambia Zadock kesho yake baada ya ibada.

Kesho yake Thornbeck walifungwa kwa alama mbili. Ilikuwa imebaki mechi moja tu ya msimu, na hata wangeishinda isingewaokoa, walikuwa wameshuka. Maureen alikwenda moja kwa moja gereji, akiwa amejiandaa kwa machozi, na hata alikuwa na leso mkononi. Gari lilikuwa tupu. Zadock alikuwa sebuleni, kompyuta mapajani, na jezi yake nyekundu ya Thornbeck, iliyopauka kwa kuvaliwa, ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa nguo za kugawa.

"Unafanya nini?"

"Nimefuta zote. Takwimu, kila kitu." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyemaliza kazi. "Nimechoka, Maureen. Miaka yote hii na hawa-improve. Mtu lazima ajue wakati wa ku-let go."

"Na Jumapili utafanya nini?"

"Nitafuata Kingsmere. Hao ndio top of the table. At least mtu ana-enjoy weekend yake."

"Na Crowther?"

Neno lilimponyoka. Zadock aliinua macho. "Crowther ameisha. Bega limeisha. Wewe umemjulia wapi Crowther?"

"Si wewe humtaja kila siku?"

Alikaa kwenye kochi. Sala yake ilikuwa imejibiwa: mke mwenza amerudishwa kwao na sanduku lake. Mwanamke mwenye akili angepiga vigelegele. Badala yake Maureen aliikunja ile leso aliyokuwa ameiandaa kwa machozi ya mumewe. Alikuwa ameomba mambo mawili, na Mungu alimpa moja. Na sasa aliona alivyokuwa mjinga. Miezi yote ile aliyomchukia Thornbeck, Thornbeck ndiye aliyekuwa shahidi wake, aliyeapa kila Jumapili kwamba katika nyumba hii kuna mwanamume anayekaa na wanaoshindwa. Hawa-improve, alikuwa amesema. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Enhe, na mtihani wako?" Zadock aliuliza huku akifunga kompyuta. "Results bado?"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa tangu yale maziwa.

"Bado," Maureen alisema.

Wiki hiyo Zadock alikuwa mtu mwenye furaha. Alikula vizuri, akacheka kwenye simu na ndugu zake, akajifunza majina mapya. Kingsmere wana vijana wawili wenye mbio za swala. Kingsmere hawajafungwa tangu Mei. Maureen alimsikiliza, wivu ukamla upya, na huu ulikuwa wivu mbaya kuliko ule wa kwanza. Thornbeck alikuwa mke mwenza wa shida, mgonjwa mgonjwa, ambaye hata ukimchukia unamwonea huruma. Huyu wa sasa alikuwa msichana wa meno meupe, hana deni wala doa, na kumshinda hakuna njia. Kila jioni Zadock aliuliza habari za matokeo. Kila jioni Maureen alijibu kwamba bado, na kila jibu lilikuwa zito kuliko la jana yake.

"Mwambie," Goretti alimsihi. "Uwongo nayo inaumaka."

"Nikimwambia atahesabu."

"Ahesabu nini?"

Maureen alivaa glavu zake akarudi kwa wazee wake.

Jumapili iliyofuata Kingsmere walicheza saa ileile ya Thornbeck. Zadock aliketi sebuleni na kikombe cha chai, miguu juu ya meza. Maureen alivaa nguo za kanisani, akazichukua hereni zake kutoka mezani, lakini hakuzivaa. Alipita jikoni, akaingia gereji, akaketi upande wa dereva. Akaweka nyaya masikioni na kuitafuta redio ya Thornbeck.

Ilikuwa mechi isiyo na maana yoyote. Mtangazaji mwenyewe alikuwa na sauti ya mtu aliyekosa chakula cha mchana, na watu waliokuja uwanjani, alisema, unaweza kuwasalimu mmoja mmoja kwa jina. Thornbeck walikuwa wanapigwa. Walipigwa kipindi cha kwanza, wakapigwa kipindi cha pili. Lakini kila baada ya muda mfupi mtangazaji alilitaja jina lilelile. Crowther kamwangusha mtu. Crowther tena. Crowther yuko chini, amesimama, anakimbilia kwenye mstari, Crowther tena. Maureen alishika usukani kwa mikono miwili. Hakujua ni wakati gani alianza kulia.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Zadock alitoka na koti mkononi, akamwona, na koti likaanguka sakafuni.

"Ni nani?" Alifika mlango wa gari kwa hatua mbili. "Maureen, nani amepiga simu? Ni nani?"

"Tunapigwa ishirini na nane bila," alisema.

Zadock alimtazama kana kwamba amemsikia akizungumza Kichina.

"Na mimi nimefeli," Maureen aliendelea, macho yakiwa mbele, kwenye mlango uliofungwa. "Nilijua tangu Jumamosi ile. Nilikudanganya. Ni mara ya tatu, Wanjala. Si-improve."

Hapakuwa na sauti nyingine ila ya mtangazaji, nyembamba, ikitoka kwenye nyaya. Zadock akazunguka mbele ya gari polepole, mkono wake ukipapasa boneti, akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi. Maureen alisubiri. Alijiambia kwamba neno lolote atakalosema sasa ndilo atakaloishi nalo.

"Crowther anacheza?" Zadock aliuliza.

Wivu ukamchoma palepale pa zamani, na karibu acheke.

"Anacheza. Bega wamelifunga vibaya tena."

"Hawajui kufunga hao. Hawajawahi kujua." Alinyoosha mkono. Maureen alidhani anataka ufunguo, lakini alikuwa anataka waya. Akachomoa ule wa sikio la kulia, akampa. Waya ulikuwa mfupi, ikabidi wakae vichwa vikikaribiana, na alisikia pumzi ya mumewe ikikatika kila mpira ulipodondoshwa.

"Nilifuta file yote," Zadock alisema. "Zile tackles zake zote za miaka yote."

"Nakumbuka za tangu Juni."

Zadock aligeuka akamtazama. Alimtazama tu, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama ile kompyuta, kisha macho yake yakashuka kwenye ngumi ya kulia ya mkewe iliyokuwa juu ya goti. Akaufungua mkono ule, kidole kimoja baada ya kingine. Hereni zilikuwa zimemwachia alama kiganjani.

"Tutachelewa kanisani," Maureen alisema.

"Tutachelewa." Alichukua hereni moja akamnyooshea. "Vaa, Maureen. Hakuna aliyekufa."

Maureen aliivaa kwenye sikio la kulia. La kushoto bado lilikuwa na waya, na mechi haikuwa imekwisha, kwa hiyo ile ya pili aliendelea kuishika mkononi.